Leo Kufunga ni Haramu

Jioni hii sina mgeni studio. Nimekuja na kisa cha mjomba wangu tu, na mwenyewe ameniruhusu nikisimulie, ilimradi nisimtaje jina.

Ilikuwa Idd el-Fitri, Jumatano ya tarehe 10 Aprili 2024. Sisi wa bondeni masika ile hatuisahau. Mto Kilombero ulivimba, kule chini Rufiji watu wakawa wanahamishwa kwa mitumbwi, na huu Lumemo wetu, unaoshuka kutoka milima ya Udzungwa na ambao kiangazi hujifanya kijito, ukatoka kwenye kingo zake ukaja kutujulia hali majumbani. Mjomba alikuwa na ekari mbili na nusu za mpunga, mbegu ya Supa tupu, umeanza kutoa masuke. Wiki moja kabla ya Idd alikwenda kuuangalia, akarudi suruali imelowa mpaka kiunoni. Hakusema kitu. Alivua viatu, akavisimamisha ukutani vichuruzike maji, akaingia ndani kulala, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Sasa siku ya Idd yenyewe, alfajiri, mama yangu ameshaandaa chai na vitumbua. Idd hii ya mfungo mosi ina sunna yake: mtu aonje kitu kabla ya kutoka kwenda kuswali. Vitabuni ni tende, tena kwa idadi ya witiri, isiyogawanyika kwa mbili. Kwetu Lumemo tende ni adimu, kwa hiyo vitumbua vitatu hushika nafasi yake na sijasikia sheikh akilalamika. Mjomba akaisukuma sahani. "Mimi leo nafunga, dada. Sina cha kusherehekea."

Mama alikuwa ameshika upawa. Akauweka chini. "Kaka, wewe umesoma chuo, mimi niliishia juzuu ya amma. Lakini hata mimi najua leo kufunga ni haramu. Kula."

Akala. Kwanza kimoja, huku ametazama chini kama mtoto aliyelazimishwa dawa. Kisha cha pili na cha tatu vikafuata.

Nimeibeba ile kauli ya mama mpaka leo. Hebu itazame sheria ile, msikilizaji, uwe Mwislamu au usiwe. Siku ishirini na tisa au thelathini mtu akila mchana anakosea. Mwezi ukiandama, asiyekula ndiye anayekosea. Tumbo ni lile lile, njaa ni ile ile, hata vitumbua ni vile vile. Na sheria haimuulizi mtu kama moyo wake una furaha. Haimwambii mjomba asubiri mpaka maji yapungue shambani. Inamwambia aoge, avae nguo yake nzuri kuliko zote alizonazo, ale, atoke, asalimie watu. Moyo utakuja baadaye ukitaka.

Wengi wetu tumezoea kuiona furaha kama mvua ya vuli: ikija tunashukuru, isipokuja tunangoja. Kulia ndiko tunakokuhesabu kuwa jambo la kiroho. Mtu akitokwa na machozi kanisani, tunasema ameguswa. Akicheka, mzee wa kanisa anageuka kumtazama. Mimi nimefika umri wa kuanza kuamini kwamba kufurahi ni amali kama amali nyingine, ina saa yake na masharti yake, na pengine ni ngumu kuliko kufunga. Kufunga unaweza ukiwa na hasira zako. Kusherehekea kweli ukiwa na hasira ni kazi.

Marehemu baba alikuwa upande wa pili, Mpogoro wa Mahenge, Mkatoliki wa kuzaliwa. Nyumba za namna yetu si ajabu hapa Ifakara. Ukutani tulikuwa na kalenda mbili na tulisherehekea zote, kwa faida kubwa ya sisi watoto. Basi upande wa baba nako nimekuta jambo lile lile. Mkatoliki huacha nyama siku ya Ijumaa. Lakini Ijumaa ikiangukia siku ya daraja la juu kabisa, sheria ya Kanisa yenyewe inaliondoa katazo hilo. Na siku hizo, katika kalenda ya Kiswahili, zina ngazi: kuna kumbukumbu, juu yake kuna sikukuu, na juu kabisa kuna sherehe. Tukirudi nyuma zaidi, maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325, wale wale tunaowakumbuka kwa ungamo la imani, waliweka pia kanuni kwamba siku za Jumapili na siku zote za kipindi cha Pasaka hadi Pentekoste waumini wasali wamesimama. Fikiria mtu anayependa kupiga magoti kumwonyesha Mungu unyenyekevu wake, anaambiwa: leo inuka.

Nimetaja neno sherehe. Niruhusu nichepuke kidogo, mwalimu mstaafu haachi mazoea. Ukifungua kitabu cha mashairi ya Kiswahili, mara nyingi mwishoni utakuta orodha ya maneno magumu na maana zake. Orodha hiyo nayo huitwa sherehe. Nilipokuwa shule nilidhani ni kosa la mchapaji. Baadaye nikaelewa kwamba mzizi wake wa Kiarabu ni wa kufungua, kukunjua kilichokunjika. Sura ya 94 ya Kurani ina jina la mzizi huo huo. Inaeleza kifua kilichokunjuliwa, na inasema mara mbili, kwa mfululizo, kwamba pamoja na uzito kuna wepesi. Pamoja nao, haisemi baada yake. Kwa hiyo anayefafanua neno gumu na anayepiga vigelegele wanafanya kazi ya ukoo mmoja: wote wawili wanakunjua.

Haya, turudi bondeni.

Hospitali yetu kubwa pale Ifakara ina jina la Mtakatifu Fransisko. Jina hilo limekuja na Wakapuchini kutoka Uswisi, waliofika Tanganyika mwaka 1921 kushika nafasi ya Wabenediktini Wajerumani walioondolewa kwa sababu ya vita. Wakapuchini ni wana wa Fransisko wa Assisi. Sisi tunaokwenda pale kupima malaria na kujifungua tunalisoma jina lile getini bila kujua kwamba mwenye jina alikuwa, kwa lugha ya mtaani, mtu wa shangwe kupindukia. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba mwaka mmoja Krismasi iliangukia Ijumaa, na ndugu mmoja akasema basi nyama haitaliwa. Fransisko akamkemea. Kwake siku ile hata kuta zilistahili kula nyama, na kama haziwezi, basi zipakwe. Alitaka ng'ombe na punda waongezewe chakula. Alitaka hata kaisari awaamuru watu wamwage nafaka barabarani, ili ndege nao washerehekee.

Hapo kwenye ndege, msikilizaji, mimi na mtakatifu tunaachana kidogo. Huyu hakuwahi kulinda mpunga. Mtoto wa Lumemo aliyekaa kwenye dungu tangu mapambazuko mpaka jua linazama, teo mkononi, sauti imekauka kwa kuwafukuza kweleakwelea, umwambie amwage nafaka barabarani kwa ajili ya ndege! Lakini nikilifikiria sana naona alikuwa anasema kitu. Siku moja katika mwaka, hata adui wa shamba ana fungu lake.

Na hilo neno fungu ndilo lililonileta studio.

Ukichunguza amri hizi za kufurahi, nyingi zinakuja na sahani ya mtu mwingine. Zaka ya Idd, zakatul-fitri: kila kichwa ndani ya nyumba, mpaka kichanga, kinatolewa pishi moja ya chakula kikuu cha mji. Vibaba vinne hufanya pishi, na chakula kikuu cha mji wetu hakina ubishi, ni mchele. Nayo ina saa. Itolewe kabla ya swala ya Idd. Ukiitoa baada ya swala bila udhuru inahesabiwa sadaka ya kawaida tu, ile fadhila ya fitri imekupita. Mantiki yake iko wazi: yule maskini ni lazima awe na cha kupika asubuhi hiyo hiyo. Mchele ukimfikia jioni, Idd yake imekwisha. Katika Biblia nako, kitabu cha Nehemia sura ya nane, watu wamesomewa torati wakaanza kulia, na viongozi wao wakawakataza kulia. Wakaambiwa waende wakale vinono na wanywe vitamu, na papo hapo wakaagizwa wampelekee fungu yule ambaye hakuandaliwa kitu. Na Paulo aliyewahimiza Wafilipi wafurahi, akarudia kuwahimiza, aliandika barua ile akiwa kifungoni.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya walioshiba. Historia ya bonde hili inambishia. Wazee husimulia kwamba jina Ifakara lenyewe lina maana ya mahali pa kufia. Sitaingia kwenye ubishi wa wanaisimu, ila malaria ya hapa ilikuwa ya kutisha, na katika miaka ya 1950 Waswisi, wakiongozwa na profesa Rudolf Geigy, walifungua maabara ya utafiti papa hapa, ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara. Vyandarua vyenye dawa vilipoingia vijijini Kilombero na Ulanga mwishoni mwa miaka ya 1990, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa uhai wa watoto wadogo waliovitumia uliongezeka kwa asilimia 27. Pima sasa hesabu hiyo kwa upande wake mwingine: kabla ya hapo tulizika wangapi?

Na bado katika bonde hilo hilo, siku ya saba ya mtoto mbuzi alichinjwa kwa akika, jina likatajwa, vigelegele vikapigwa, wakati hakuna aliyejua kama mtoto atafika mwaka wa saba. Mavuno yakiisha ngoma ilipigwa. Wapogoro walicheza sangula yao, na siku hizi Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao nao wameleta bugobogobo. Hawa watu hawakuwa hawajui hatari. Bibi yangu mzaa baba alizika watoto wanne, na hakukosa ngoma ya mavuno hata mara moja. Nilimuuliza siku moja, na mimi kijana mwenye maswali ya kijinga, anawezaje. Alinitazama akasema, "Wale waliobaki nao walikuwa watoto wangu."

Viongozi wa dini hawakuipokea ngoma hiyo kwa urahisi. Wamisionari waliofungua misheni ya Kwiro mwaka 1902 waliisikia na kuiona kama jambo la giza, na kwa miongo mingi Mkristo mwema alikuwa yule anayekaa mbali nayo. Masheikh nao wamebishana, na wanabishana mpaka leo, kama dufu lina nafasi msikitini. Upande wa Wakatoliki mambo yalianza kugeuka miaka ya 1960. Mwaka 1963 padre wetu wa Kitanzania, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, na mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatamka kwamba muziki wa wenyeji upewe heshima yake ibadani. Leo nenda Misa ya mavuno parokia yoyote ya bonde hili. Utaona mama mwenye miaka yake sitini anaingia na matoleo akicheza, ungo wa mpunga kichwani, mikono ameiachia. Mabega yanatikisika, miguu inajibu ngoma, shingo imetulia kama maji ya mtungini. Nimeangalia sakafu nyuma yake. Hata punje moja.

Sasa niseme linaloniudhi, maana nisiposema leo nitalala nalo.

Sherehe zetu za sasa zimeanza kuweka mlinzi mlangoni. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, unaingizwa bila kuulizwa, ahadi yako inaandikwa mbele ya watu mia na hamsini. Asiyechanga hapati kadi, na asiye na kadi haingii ukumbini. Mwaka juzi nilialikwa harusi ya mtoto niliyemfundisha kusoma. Nilichanga kwa mkono, kwa baba yake, jina halikufika kwenye orodha. Pale mlangoni kijana mwenye miwani ya jua, na ilikuwa saa mbili usiku, akanisimamisha. Kuna hadithi ya Fransisko akitembea na ndugu Leo wakati wa baridi kali, akimweleza furaha kamili ni ipi: ni kufika nyumbani umelowa, umechoka, una njaa, bawabu akufukuze kama mwizi, na wewe usiupoteze utulivu wako. Nilisimama mlangoni pale nikaikumbuka vizuri sana hadithi hiyo. Mimi si Fransisko. Nilikasirika, nikapanda bodaboda nikarudi nyumbani kula kiporo.

Wapo wanaosema dawa ni kuzipunguza sherehe zote, kwamba ndizo zinazomfukarisha mkulima. Wana hoja. Mpunga unauzwa Julai, Agosti ni turubai na muziki kila kona kuanzia Kibaoni mpaka Viwanja Sitini, na Januari baba yule yule anazunguka kukopa gunia moja atakalolipa mawili. Nimeyaona kwa macho. Lakini tazama fedha zilikwenda wapi: ukumbi, mapambo, sare, gari la maharusi, msema chochote wa kutoka mjini. Pishi ya mchele kwa kila kichwa haijamfilisi mtu. Mimi ningefuta keki ya ngazi tano kabla sijamgusa mpiga ngoma.

Nilikuwa na mjomba. Nimemwacha na vitumbua vyake.

Alikwenda kuswali. Kuna sunna nyingine ya Idd ninayoipenda kuliko zote: uende kwa njia moja, urudi kwa nyingine. Wanazuoni wametaja sababu nyingi, mojawapo ni kuwasalimia watu wa njia zote mbili. Siku ile njia ya pili ilikuwa ndani ya maji. Mjomba, ambaye masaa mawili nyuma hakutaka hata kula, akakunja kanzu akaipita. Ilimchukua mpaka karibu adhuhuri, kwa sababu kila nyumba aliyoipita watu walikuwa nje wanachota maji kwa ndoo kutoka vyumbani, na huwezi kumpa mtu Idd mubarak anachota maji ukaendelea na safari. Alishika ndoo nyumba tatu. Alifika kwetu kanzu ina rangi ya tope mpaka kifuani, na njaa ya kweli.

Nyumbani kwetu kulikuwa na pilau. Ndogo, ya kuku mmoja. Mama ana desturi yake: sahani ya kwanza kutoka sufuriani haikai ndani. Akapakua kwenye sahani ya bati yenye maua mekundu, akachagua kipande cha paja, akafunika kwa kitambaa, akamkabidhi mjomba huyo huyo aliyekuwa bado hajakaa. Ilikuwa ya bibi jirani, mjane, Mkatoliki, ambaye siku kumi nyuma Pasaka ilimkuta anahamishia kuku wake darini. Mjomba aliiangalia sahani, akamwangalia mama, akageuka akaingia tena majini. Sisi tukabaki tunagombania ukoko.

Ukuta wa nyuma wa nyumba ya yule bibi ulianguka wiki iliyofuata, akaenda kukaa kwa mwanawe huko Mlimba. Tukadhani sahani imekwenda na maji. Mwezi wa sita akarudi. Alikuja asubuhi, akabisha hodi, akamkabidhi mama sahani yake imefunikwa kwa kitambaa kile kile, kimefuliwa na kupigwa pasi. Sahani ya watu hairudishwi tupu, kila mtu anajua, na yeye bustani yake yote ilikuwa imebaki mchanga na mndimu mmoja. Mama akafunua. Zilikuwa ndimu mbili.

Jioni ile mjomba alileta kambale, tukazikamulia.